Kamba, Kigingi na Duara

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo sungura na fisi wapumzike. Tunaye mhusika mwingine, mnapishana naye kila siku wala hamumsalimu. Yumo kwenye gurudumu la baiskeli inayobeba abiria mjini Shinyanga, kwenye mdomo wa kisima, kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, na kwenye winchi ya mchimbaji kule Geita. Jina lake ni duara.

Nataka tusafiri naye. Tutaanzia Shinyanga, tupite Mwadui, twende Kahama, tupande hadi Geita, tufike ufukweni mwa Ziwa Victoria. Kila mmoja achukue kamba, kijiti chenye ncha na daftari. Na njiani mshike jambo moja tu, maana hilo ndilo ninalotaka mlale nalo: duara ni umbo la kipimo kimoja. Mstatili ukinitajia urefu ukaficha upana, siwezi kuuchora. Pembetatu inadai vipimo vitatu. Lakini duara likikupa kipimo kimoja, limekupa vyote.

Ahadi ya kamba

Katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, utaona nyumba ya msonge kama zile walizojenga wazee wetu: ukuta wa kuzunguka, paa la nyasi lililochongoka juu. Msingi wa nyumba ya namna hiyo hauhitaji vifaa vingi. Chomeka kigingi ardhini. Funga kamba kwenye kigingi, na ncha ya pili ya kamba ufunge kijiti. Vuta kamba ikaze, kisha zunguka huku kijiti kikichora mchangani, mpaka urudi ulipoanzia.

Tazama ulichochora. Kamba haikurefuka wala haikufupika, kwa hiyo kila nukta ya mstari ule iko umbali uleule kutoka kwenye kigingi. Hiyo ndiyo ahadi ya duara, na yote tutakayoyaona leo yanatoka humo.

Sasa tuzipe sehemu zake majina. Palipo na kigingi ni kitovu. Kamba kutoka kitovuni hadi ukingoni ni nusukipenyo. Mstari unaotoka ukingo mmoja, ukapita kitovuni, ukagota ukingo wa pili, ni kipenyo, na urefu wake ni nusukipenyo mbili. Njia yote ya kuzunguka ni mzingo. Nafasi iliyofungwa ndani ni eneo.

Zimebaki mbili. Mmewahi kuwaona sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia pande hizi zetu za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na pinde zao. Laza upinde juu ya duara. Mti uliojipinda ni tao, yaani kipande cha mzingo. Uzi ulionyooka, unaounganisha ncha mbili za tao, ni ugwe. Sogeza ugwe kuelekea kitovuni, nao utazidi kurefuka. Ukifika kitovuni hauwezi kurefuka tena, kwa sababu pale umekuwa kipenyo.

Hatua sita na kitu kidogo

Rudini kwenye duara mlilochora mchangani, na urefu wa kamba usibadilike. Hamisha kigingi ukichomeke popote juu ya mzingo, kisha kwa kamba ileile ukate alama mbele yako juu ya mzingo huohuo. Hamia kwenye alama hiyo, kata nyingine. Endelea hivyo. Alama ya sita itakurudisha pale ulipoanzia, bila kuzidi wala kupungua.

Kwa nini sita? Kwa sababu kila alama mbili zinazofuatana, pamoja na kitovu, zinafanya pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, na kila pembe yake ni nyuzi 60. Kuzunguka kitovu chote ni nyuzi 360, na 60 mara 6 ni 360.

Sasa unganisha alama hizo kwa mistari iliyonyooka. Umepata umbo la pande sita, na kila upande ni sawa na nusukipenyo. Kulizunguka umbo hilo ni kutembea nusukipenyo sita, yaani vipenyo vitatu. Lakini mzingo wenyewe unapita nje ya pande hizo, umejipinda, na njia iliyopinda daima ni ndefu kuliko iliyonyooka kati ya nukta mbili. Kwa hiyo mzingo lazima uzidi vipenyo vitatu. Mmethibitisha jambo kubwa la hisabati hapo mlipo, na hakuna aliyeshika rula.

Unazidi kwa kiasi gani? Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse, alianza na umbo hilohilo la pande sita. Akazikata pande mara mbili zikawa 12, kisha 24, 48, hadi 96, akifanya hivyo ndani ya duara na nje yake pia. Duara likabanwa katikati ya maumbo mawili. Akaona kwamba mzingo ni mkubwa kuliko vipenyo 3 na 10/71, na ni mdogo kuliko vipenyo 3 na 1/7. Ile 22/7 ambayo mwalimu anaiandika ubaoni ni hiyo 3 na 1/7 ya Archimedes. Namba yenyewe tunaiita pai. Inaanza 3.14159 na tarakimu zake hazina mwisho. Katika karne ya 18 Johann Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu ya namba nzima mbili inayoweza kuwa pai kamili. Lakini msiogope kutumia 22/7. Katika mzingo wa kilomita nzima itakukosesha sentimita 40 hivi tu.

Jaribuni kwa baiskeli. Tia alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa ardhi, na alama nyingine ardhini. Sukuma baiskeli polepole mpaka chaki ya tairi iguse ardhi tena. Kama kipenyo cha gurudumu ni sentimita 70, umbali huo utakuwa sentimita 220, kwa sababu 70 mara 22/7 ni 220. Dereva wa baiskeli akikupeleka kilomita moja, gurudumu lake limezunguka mara 454 na nusu hivi.

Miiba ileile, zizi kubwa zaidi

Mfugaji anarundika miiba ya kuzungushia zizi. Tuseme inatosha mita 22 na haizidi. Afanye zizi la umbo gani?

Akichagua mstatili wa mita 8 kwa 3, anapata mita za mraba 24. Akichagua mraba, kila upande mita 5.5, anapata 30.25. Akichagua duara, mzingo ni mita 22, kwa hiyo kipenyo ni mita 7 na nusukipenyo ni 3.5. Eneo lake ni kiasi gani?

Chukueni karatasi, mkate duara. Likunjeni na kulikata katika vipande vingi vyembamba vinavyokutana kitovuni, kisha vipangeni kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, vishikamane. Vipande vikiwa vyembamba vya kutosha, mnapata umbo linalokaribia mstatili. Kimo chake ni nusukipenyo. Urefu wake ni nusu ya mzingo, kwa kuwa nusu ya matao iko juu na nusu iko chini. Basi eneo la duara ni nusu ya mzingo mara nusukipenyo. Kwa zizi letu ni 11 mara 3.5, ambayo ni mita za mraba 38.5. Vitabu vyenu vinaandika pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo, na jibu ni lilelile.

Miiba ni ileile, jasho ni lilelile, lakini duara limempa mfugaji mita za mraba 8 na robo zaidi ya mraba. Hakuna umbo lingine litakaloweza kumpa nafasi kubwa zaidi kwa mita hizo 22. Hebu tazameni mazizi ya miiba vijijini, na jinsi mengi yalivyo ya mviringo. Walioyazungusha walijua kubana matumizi.

Mwadui, duara lililotoka chini

Tukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, tunaifikia Mwadui, wilayani Kishapu. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapa chanzo cha almasi. Makumi ya mamilioni ya miaka kabla yake, uji wa mawe ulipasua njia kutoka kina kirefu cha dunia ukapanda juu kwa nguvu, ukabeba almasi njiani, ukapoa. Ukabaki kama nguzo nene ya mwamba iliyozama ardhini, mdomo wake ukiwa wa mviringo. Mwamba huo unaitwa kimbaliti, na nguzo ya Mwadui ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani zilizowahi kuchimbwa. Uso wake una hekta 146 hivi.

Hekta 146 ni kubwa kiasi gani kwa mtu anayetembea? Tuulize duara. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo tuna 1,460,000. Gawanya kwa 22/7, unapata karibu 464,500. Sasa tafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe inafika hapo: ni karibu 680. Hiyo ni nusukipenyo, mita 680. Kipenyo ni mita 1,360, na mzingo ni kilomita 4 na robo hivi. Kipimo kimoja tulichopewa, eneo, kimetuletea vingine vyote.

Mtoto makini ataniuliza: babu, je, mwamba ule ni duara kamili? Hapana, mjukuu wangu, ardhi haikutumia kamba na kigingi. Lakini kumbuka zizi. Kwa eneo lililopewa, duara ndilo lenye mzingo mfupi kuliko maumbo yote. Kwa hiyo mwamba wa Mwadui, hata ukijipinda vipi, huwezi kuuzunguka kwa safari fupi kuliko hiyo kilomita 4 na robo. Hata pale ambapo duara si jibu kamili, linakuwekea mpaka usiovukika.

Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Elizabeth, aliyekuwa binti mfalme wa Uingereza na baadaye malkia, alipofunga ndoa mwaka huo. Ilichongwa ikawa ya mviringo, ikabaki karati 23.6. Mchongaji wa almasi ya mviringo huligawa duara kuzunguka kitovu katika sehemu 8 zilizo sawa. Nyuzi 360 ukigawa kwa 8 ni 45, na akikosea pembe hiyo, mng'ao unaharibika. Kumbe pembe zilizopo kitovuni ndizo zinazoamua urefu wa tao: nyuzi 45 zinakata tao la moja ya nane ya mzingo, nyuzi 90 zinakata robo, nyuzi 180 zinakata nusu.

Winchi ya Geita

Tunarudi Shinyanga, tunapita Tinde, tunafika Kahama, tunaifuata barabara ya Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na mbele yetu ni Geita, mkoa tangu mwaka 2012. Huku wachimbaji wadogo huliita shimo la dhahabu duara, na mwenye shimo ni mwenye duara, ingawa midomo ya mashimo mengi ina pembe nne kwa sababu ya matimba, magogo yanayopangwa kuzuia kuta zisiporomoke. Duara tunalolitafuta sisi liko juu ya shimo, kwenye winchi.

Winchi ni gogo la mviringo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, lenye mikono ya kuzungushia. Kamba inajiviringisha juu ya gogo, nayo inapandisha mawe. Tuseme kipenyo cha gogo ni sentimita 28. Mzingo wake ni 28 mara 22/7, yaani sentimita 88. Kila gogo linapozunguka mara moja, kamba inapanda sentimita 88. Ndoo ikitoka chini kabisa hadi juu kwa mizunguko 50, shimo lina kina cha mita 44. Aliyesimama juu amejua kina bila kushuka. Awe makini na jambo moja: kamba ikianza kujilaza juu ya kamba, duara linanenepa, na kila mzunguko unameza kamba ndefu zaidi. Hesabu yetu ni ya kamba nyembamba iliyojipanga safu moja.

Tazameni pia mahali kamba inapoachana na gogo ili ining'inie. Inaligusa duara katika nukta moja tu, kisha inaondoka imenyooka. Mstari wa namna hiyo wanahisabati huuita tanjenti. Chora nusukipenyo kutoka kitovuni hadi nukta hiyo ya mguso, utaona imekutana na kamba kwa nyuzi 90 kamili. Daima iko hivyo, kwa duara lolote na tanjenti yoyote. Kamba imesimama wima kwa sababu ya mzigo, basi nusukipenyo hiyo imelala sawasawa na upeo wa ardhi.

Sikilizeni vizuri hapa, wajukuu zangu. Hesabu hii ifanyeni kwenye daftari, au kwa gogo la kuni nyumbani. Mdomo wa shimo si mahali pa mtoto. Kuta huporomoka, hewa chini huisha, na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huingia mwilini na kuudhuru ubongo unaokua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji ni mojawapo. Anayewaita mkabebe mawe siku ya shule anawanyima haki yenu.

Kitovu kilichopotea

Fundi amekatiwa gogo la winchi na anataka kutoboa tundu la mhimili katikati kabisa. Hakuna kigingi, hakuna kamba iliyolichora duara lile. Atakipataje kitovu?

Nyumbani chukueni mfuniko wa ndoo, muuchore kuzunguka kwa penseli kwenye karatasi kubwa. Kisha chukueni daftari. Wekeni ncha ya kona yake juu ya mzingo, daftari lenyewe likilala ndani ya duara. Kingo mbili za daftari zitaukata mzingo mahali pawili. Tieni alama hapo, mziunganishe kwa mstari. Mstari huo ni kipenyo. Rudieni kwa kuweka kona mahali pengine, mpate kipenyo cha pili. Vipenyo viwili vinapokatana, hapo ni kitovu.

Siri yake ni hii. Mtu aliyesimama kwenye mzingo, upande uleule kilipo kitovu, akatazama ncha mbili za ugwe, anaziona kwa pembe ambayo ni nusu ya ile anayoiona aliyekaa kitovuni akitazama ncha hizohizo. Ugwe ukiwa kipenyo, aliyekaa kitovuni ana ncha moja kulia na nyingine kushoto, mstari ulionyooka, nyuzi 180. Nusu yake ni 90, na kona ya daftari ni nyuzi 90. Ndiyo maana kona ile haiwezi kukosea.

Maji ya ziwa

Tumefika ufukweni. Maji ya Ziwa Victoria yanatoka kaskazini kupitia Mto Naili, yanasafiri mpaka Misri. Huko, karibu miaka 3,600 iliyopita, mwandishi aitwaye Ahmes alinakili kwenye mafunjo hesabu ya shamba la mviringo lenye kipenyo cha 9. Maelekezo yalikuwa hivi: ondoa sehemu ya tisa ya kipenyo, inabaki 8, zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Kwa njia yetu ya 22/7 tunapata 63.6. Waafrika hao, wakinywa maji ya mto unaoanzia kwetu, walikuwa wamelikaribia duara kiasi hicho zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Archimedes.

Maji mengine ya ziwa hilohilo yanakuja kusini. Tangu mwaka 2009 yanavutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga kwa mabomba. Bomba nalo ni duara lililorefushwa, na hapa watu wazima wengi hukosea. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lina mdomo wa sentimita za mraba 78.5. La kipenyo cha sentimita 20 lina 314. Kipenyo kimekuwa mara mbili, mdomo umekuwa mara nne, kwa sababu katika eneo nusukipenyo inajizidisha yenyewe, na 2 mara 2 ni 4. Siku kijiji chenu kitakapopanga kulaza mabomba mawili ya sentimita 10 badala ya moja la 20, simameni mseme kwa adabu: wazee wetu, hayo mawili kwa pamoja yana nusu tu ya mdomo wa hilo moja.

Sasa ni zamu yenu. Kesho tafuteni mbuyu mnene. Uzungushieni kamba kwa kimo cha kifua, mkaipime kamba hiyo. Msiuchubue wala msiukate. Mkinitajia mzingo nitadai mniambie na unene wa mti kutoka upande huu hadi ule, na eneo ambalo shina lake limekalia. Mwenye mbuyu wa mzingo wa mita 11 ataanza kwa kuzidisha 11 kwa 7, kisha agawe kwa 22. Akipata mita 3 na nusu, aendelee na eneo mwenyewe. Hahitaji tena kuniuliza mimi.